Herbert Chapman, kocha aliyemurudisha beki wa tatu nyuma

Kila mara ekipe inapofungwa, mabishano yanaanza hapa kwetu: kocha acheze na mabeki watatu ao wane? Nani atoke mbele asaidie katikati? Mabishano hayo yana karibu miaka mia moja, na mmoja wa watu walioyapatia jibu ni Herbert Chapman.

Chapman alizaliwa mwaka 1878 huko Kiveton Park, Uingereza, kwenye mgodi wa makaa ya mawe. Baba yake alikuwa mchimbaji. Yeye alisomea kazi za mgodi, lakini mpira ulimvuta. Kama mchezaji hakung'aa sana. Kama kocha, alichukua kombe la ubingwa na Huddersfield mwaka 1924 na 1925, kisha akaenda Arsenal, ekipe iliyokuwa imemaliza nafasi ya 20.

Mwaka ule wa 1925, sheria ya kuotea ilibadilishwa. Zamani mshambuliaji alipaswa kuwa na wapinzani watatu kati yake na mstari wa goli. Sasa wakatosha wawili. Mabao yakaanza kunyesha, maana mabeki walikuwa wawili tu, na mchezaji wa katikati alizoea kupanda mbele.

Tarehe 3 Oktoba, Newcastle wakaifunga Arsenal 7-0. Charlie Buchan, kapiteni, alikuwa amechoka. Tangu mwanzo wa msimu alikuwa akiomba mchezaji wa katikati ashuke, akae kati ya mabeki wawili, amlinde mshambuliaji wa kati. Safari hii Chapman alimsikiliza. Lakini hapo swali lingine likazuka: ukishusha mtu nyuma, katikati panabaki shimo. Nani atalijaza? Buchan alijitolea mwenyewe. Chapman akakataa, juu ya kuhitaji mabao yake. Wakamchukua Andy Neil, mchezaji wa ekipe ya tatu. Hakuwa na mbio, lakini alijua kutuliza mpira na kuugawa vizuri. Siku mbili nyuma, Arsenal wakaifunga West Ham 4-0 kwake. Msimu ukaisha wakiwa wa pili.

Kidogo kidogo mpango ukakomaa: watatu nyuma, wawili mbele yao, wawili tena, na watatu wa kushambulia. Ukiuchora unaona herufi W na M. Herbie Roberts akawa mlinzi asiyebanduka kwa mshambuliaji wa kati, na Alex James akachukua kazi ile ya Neil. Wengi walilalamika kwamba Chapman anaua mpira kwa kulinda. Lakini msimu wa 1930-31 Arsenal walipata ubingwa wao wa kwanza kwa mabao 127 katika mechi 42. Wakaupata tena 1933.

Mwanzoni mwa Januari 1934, Chapman akiwa na mafua, alikwenda kwenye baridi kutazama ekipe yake ya tatu, hata kama daktari alimkataza. Nimonia ikamuua tarehe 6, akiwa na miaka 55. Siku ileile Arsenal walicheza nyumbani, na watu walipata habari wakifika uwanjani.

Kumbe mpango uliobadilisha mpira haukutoka katika kichwa cha kocha peke yake. Ulitoka kwa mchezaji aliyeudhika, na kwa kocha ambaye, kisha kufungwa saba, hakuona haya kusikiliza. Makocha wetu, na sisi wenye kubishana kando ya uwanja, tukumbuke hiyo.