Siti binti Saad na Kiswahili cha watu wa chini

Siti binti Saad alizaliwa karibu mwaka 1880 katika kijiji cha Fumba, Unguja. Wazazi wake walikuwa wa ukoo wa watumwa kutoka bara, na jina la kwanza alilopewa lilikuwa Mtumwa. Soko la watumwa la Zanzibar lilikwisha kufungwa mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe ulibaki halali hadi 1897. Kwetu Salamabila habari hii haiko mbali. Misafara ya Tippu Tip, iliyokuwa na makao yake Kasongo, ndiyo iliyotuletea Kiswahili, na ndiyo iliyowapeleka watu wa Maniema pwani wakiwa wamefungwa minyororo.

Mama yake alikuwa mfinyanzi. Siti naye alifinyanga, akawa anatembeza vyungu na kuvinadi kwa sauti iliyosikika mbali. Shule hakusoma. Mwaka 1911 alihamia mjini, akafundishwa uimbaji na wanamuziki waliotambua kipaji chake, na huko ndiko alikopata jina la heshima la Siti.

Zamani hizo taarabu ya jumba la Sultani iliimbwa kwa Kiarabu. Siti na wenzake, wakiwemo Subeti bin Ambar na Buda bin Swedi, waliimba kwa Kiswahili cha mitaa ya Ng'ambo, wakataja mambo ya mitaa hiyo. Wimbo wao wa Kijiti unahusu kesi ya kweli: mwanamke mgeni aliuawa, mtuhumiwa akatorokea bara, na adhabu ikawaangukia wanawake waliotoa ushahidi. Ambaye hakujua kusoma gazeti aliipata kesi hiyo katika wimbo.

Wapinzani walimcheka kwa sura yake na kwa kuja mjini kutoka shamba amevaa kaniki. Aliwajibu kwa wimbo, kwamba sura si kitu mbele ya akili na tabia. Mwaka 1928 kampuni ya HMV iliwachukua hadi Bombay kurekodi santuri, na sauti ya mfinyanzi wa Fumba ikasikika Afrika Mashariki nzima. Alifariki mwaka 1950. Shaaban Robert aliandika wasifu wake, uliochapishwa 1958 na kusomwa mashuleni kwa miaka mingi.

Ninamkumbuka kila tunapobishana darasani kama Kingwana cha Maniema ni Kiswahili au ni Kiswahili kilichoharibika. Wanaouliza hivyo huipima lugha kwa sarufi ya vitabu, na vipimo hivyo vina kazi yake. Lakini Siti hakuandika hata ubeti mmoja kwa mkono wake, na leo hakuna anayeweza kueleza historia ya ushairi wa Kiswahili akamruka. Wachimbaji wa dhahabu wa Salamabila nao wana nyimbo zao. Mimi ningependa tuanze kwa kuzirekodi, ndipo tuzitolee hukumu.