Masinissa Mkimbizi

Zamani, kaskazini ya Afrika, katika inchi inayoitwa leo Algeria, alikuwako mtoto wa mfalme, jina lake Masinissa. Karibu na mwaka 206 mbele ya Kristu, baba yake Gaia alikufa. Baadaye jirani yao, mfalme Syphax, akanyang'anya inchi.

Masinissa akakimbia na wapanda farasi wane tu. Adui wakawafukuza mpaka mto mkubwa. Wakajitupa majini pamoja na farasi zao. Wawili wakafa maji. Masinissa na wawili wengine wakatokea ng'ambo, katika matete. Adui waliogopa kuvuka. Wakarudi wakitangaza kwamba Masinissa amekufa. Wengine walifurahi, wengine walilia.

Kumbe, alijificha pangoni, akitibu kidonda chake kwa majani ya pori. Wenzake walimlisha kwa vitu walivyoiba. Kazi mbaya, lakini njaa ilikuwa kali. Alipopona akapigana tena, akashindwa tena. Kisha akajiunga na Waroma.

Mwaka 203 Syphax alikamatwa. Masinissa akamwonyesha, amefungwa minyororo, mbele ya mji wa Cirta. Wenyeji wakafungua milango. Masinissa akatawala zaidi ya miaka 50, akafa mwaka 148, mzee wa miaka karibu 90.