Vercingetorix

Vercingetorix (takriban 82 KK – 46 KK) alikuwa chifu wa Waarverni, kabila la Wakelti lililoishi katika eneo la Auvergne la leo, katikati ya Ufaransa. Mwaka 52 KK aliunganisha makabila mengi ya Gallia dhidi ya Waroma walioongozwa na Julius Caesar. Anakumbukwa kwa ushindi wake huko Gergovia na kwa kushindwa huko Alesia, miji miwili yenye ngome iliyojengwa juu ya vilima.

Asili

Baba yake, Celtillus, alikuwa kiongozi mwenye nguvu. Aliuawa na watu wa kabila lake kwa sababu alituhumiwa kutaka kuwa mfalme.

Mwanzo wa vita

Caesar alianza kuteka Gallia mwaka 58 KK, na mara nyingi alinufaika na ugomvi kati ya makabila. Mwanzoni mwa 52 KK Wakarnuti waliwaua Waroma waliokuwa Cenabum (leo Orléans). Vercingetorix alitaka kujiunga na uasi huo, lakini wakubwa wa Gergovia, akiwemo ami yake Gobannitio, walimfukuza mjini. Alikusanya wafuasi mashambani, akarudi, akawafukuza wapinzani wake na kutangazwa mfalme.

Aliona kwamba njia bora ya kuwashinda Waroma ni kuwanyima chakula. Kwa hiyo zaidi ya miji 20 ya Wabituriges ilichomwa moto kwa siku moja. Wenyeji waliomba mji wao mkuu, Avaricum (leo Bourges), usichomwe, naye akakubali shingo upande. Waroma waliuteka mji huo. Kwa hesabu ya Caesar, kati ya watu 40,000 hivi waliokuwamo, takriban 800 tu waliokoka.

Gergovia na Alesia

Baadaye Caesar alishambulia Gergovia. Waroma waliopanda kilima walirudishwa nyuma, wakapoteza askari karibu 700, wakiwemo maakida 46. Baada ya hapo hata Waaedui, marafiki wa Roma kwa muda mrefu, walijiunga na uasi.

Katika mwaka uleule, baada ya wapandafarasi wake kushindwa, Vercingetorix alikimbilia Alesia, mji wa Wamandubi. Caesar hakushambulia kilima. Aliuzungushia mji mahandaki na maboma yenye urefu wa kilomita 16 hivi, kisha akajenga mzunguko wa pili wa kilomita 21 hivi ili kujikinga na jeshi ambalo lingekuja kuwaokoa waliozingirwa.

Chakula kilipopungua, Wamandubi waliowapokea wapiganaji walitolewa mjini pamoja na wanawake na watoto wao. Walimwomba Caesar awachukue hata kama watumwa, lakini alikataa. Walibaki bila chakula kati ya ngome ya mji na maboma ya Waroma.

Jeshi la msaada lilifika na kushambulia mara tatu, likashindwa. Vercingetorix aliita baraza, akawaachia wenzake waamue kumwua au kumkabidhi akiwa hai. Alikabidhiwa kwa Caesar.

Kifo

Alifungwa karibu miaka sita. Mwaka 46 KK alipitishwa mbele ya umati katika maandamano ya ushindi wa Caesar mjini Roma, kisha akauawa.

Kumbukumbu

Habari zake zinatokana hasa na kitabu cha Caesar kuhusu vita vya Gallia, yaani maandishi ya adui yake. Kwa sababu hiyo idadi za askari zilizotajwa humo hutazamwa kwa tahadhari. Sarafu za dhahabu zenye jina lake zimepatikana pia.

Mji wa Alesia uliendelea kukaliwa chini ya utawala wa Roma. Miaka 1861–1865 Kaisari Napoleon III aligharamia uchimbaji karibu na kijiji cha Alise-Sainte-Reine, Burgundy, ambapo mahandaki ya Waroma yalionekana. Mwaka 1865 sanamu kubwa ya Vercingetorix, kazi ya Aimé Millet, ilisimamishwa juu ya kilima hicho. Tangu karne ya 19 Wafaransa wengi humhesabu kati ya mashujaa wa taifa lao.