Mfahamu Dk. Charles Drew, Bingwa wa Kuhifadhi Damu



Kila Oktoba hapa Uingereza tunaadhimisha Mwezi wa Historia ya Watu Weusi, na kila Oktoba hakosekani mtu wa kutusimulia habari za Dk. Charles Drew. Hadithi yenyewe wengi mnaijua: Mmarekani Mweusi aliyevumbua benki ya damu, akapata ajali, akapelekwa hospitali ya Wazungu, akanyimwa damu, akafa. Inauma kweli, lakini mwisho wake si wa kweli na mwanzo wake umetiwa chumvi. Mimi ni mwanafunzi wa uhandisi, nasomea mambo ya joto na ubaridi, na Drew nilikutana naye kupitia swali la fani yangu: kitu kinachoharibika kinakaa muda gani, na katika ubaridi wa kiasi gani? Naomba niwasimulie alivyokuwa.

Charles Richard Drew alizaliwa Washington D.C. tarehe 3 Juni 1904. Ujanani alikuwa mwanamichezo hodari, na michezo ilimsaidia kusoma katika chuo cha Amherst, alikomaliza mwaka 1926. Udaktari aliutaka, ila fedha hakuwa nazo, basi akafundisha michezo na sayansi miaka miwili katika chuo cha Morgan kule Baltimore. Vyuo vya udaktari Marekani vilivyopokea Weusi vilikuwa vya kuhesabu, kwa hiyo mwaka 1928 akavuka mpaka kwenda McGill, Montreal, Kanada. Alimaliza mwaka 1933 akiwa wa pili katika darasa la watu 137. Huko ndiko mwalimu wake John Beattie alikomvutia kwenye somo la kuongezea wagonjwa damu.

Sasa hebu tuangalie hali ya wakati ule. Mwaka 1937 Dk. Bernard Fantus alifungua benki ya damu katika hospitali ya Cook County, Chicago, na yeye ndiye aliyeipa jina hilo la benki. Kwa hiyo Drew hakuvumbua benki ya damu. Tatizo lilikuwa kwamba damu ile ilikaa siku chache tu, kama kumi hivi, kisha ikamwagwa. Kwa nini iharibike, na inaharibikaje? Mwaka 1938 Drew alipata ufadhili akaenda Chuo Kikuu cha Columbia, New York, akafanya kazi na Dk. John Scudder juu ya swali hilo.

Walipima kila kitu: ubaridi, dawa za kuzuia damu isigande, umbo la chupa, hata jinsi chupa inavyotikisika njiani. Walifuatilia potasiamu inavyovuja kutoka kwenye chembe nyekundu kadiri siku zinavyopita. Hapa mhandisi yeyote anamtambua mwenzake. Kuuliza kama damu ni nzima au mbovu hakutoshi. Unauliza inapungua nini, kwa kasi gani, na lini itakuwa haimfai tena mgonjwa. Mwaka 1940 aliwasilisha tasnifu yake kuhusu damu ya benki, akawa Mmarekani Mweusi wa kwanza kupata shahada ya Daktari wa Sayansi ya Tiba pale Columbia.

Mwaka huohuo ndege za Ujerumani zilikuwa zinaipiga Uingereza mabomu, na majeruhi walihitaji msaada. Damu nzima isingevumilia safari ya bahari, ila plazima, yale maji ya manjano yanayobaki ukishaondoa chembe, hukaa muda mrefu zaidi. Hospitali za New York zilikuwa zimeanza kukusanya plazima ya kuleta huku, lakini kila moja ilifanya kivyake na vijidudu viliingia kwenye baadhi ya chupa. Drew akaitwa kusimamia utabibu wa mpango ule. Akaweka utaratibu mmoja kwa wote: namna ya kutoa damu, kutenga plazima, kupima vijidudu, ndipo chupa isafirishwe. Hadi Januari 1941 watu zaidi ya 14,000 walikuwa wamechangia, na lita zaidi ya 5,000 za plazima zilitumwa. Wagonjwa wa mji tunaoishi sisi leo huenda ni kati ya waliofaidika.

Baada ya hapo aliongoza majaribio ya Msalaba Mwekundu wa Marekani ya plazima kavu. Mwaka 1941, mwezi wa Aprili, alirudi Chuo Kikuu cha Howard kufundisha upasuaji. Wengine husema alijiuzulu kwa hasira ya ubaguzi. Tarehe zinakataa. Ilikuwa miezi kadhaa baadaye, Novemba 1941, Msalaba Mwekundu ulipotangaza kwamba damu ya Weusi haitapokelewa. Januari 1942 ukakubali kuipokea, kwa sharti itengwe na kuandikwa kuwa ni ya Mweusi.

Jamani, tafakarini hilo. Mtu alitumia miaka kutafuta ni maandishi gani yanastahili kubandikwa kwenye chupa ya damu: kundi lake, siku ilipotolewa, siku ya mwisho. Kila neno lina kipimo nyuma yake. Halafu wakaja watu wakaongeza neno lisilo na kipimo chochote. Drew alilipinga waziwazi, akieleza kuwa sayansi haina msingi wowote wa kutenga damu kwa rangi ya mtu. Neno lile liliondolewa mwaka 1950, mwaka aliofariki yeye.

Alfajiri ya tarehe 1 Aprili 1950 Drew na madaktari wenzake watatu Weusi walikuwa barabarani kwenda mkutano wa kitabibu Tuskegee, Alabama. Yeye ndiye aliyeshika usukani, akasinzia, gari likapinduka karibu na Burlington, North Carolina. Alifikishwa hospitali ya Alamance na madaktari Wazungu walimhudumia, lakini majeraha yalikuwa makubwa mno. Alikuwa na miaka 45. Waliosafiri naye walishuhudia kwamba hakunyimwa matibabu.

Basi uvumi ulitoka wapi? Desemba ya mwaka uleule, katika wilaya ileile, mwanafunzi Mweusi aitwaye Maltheus Avery alipata ajali. Alihamishiwa hospitali ya Chuo Kikuu cha Duke, akakataliwa kwa kuwa vitanda vya Weusi vilikuwa vimejaa. Akafa. Yaani jambo lilitokea kweli, ila kwa mtu asiye na jina kubwa. Tukimpa Drew kifo kile, tunamnyang'anya Avery kitu pekee alichobaki nacho, na madaktari wa Alamance tunawasingizia.

Leo swali la Drew bado lipo kila siku hospitalini. Kiswahili chetu kina neno moja, kuganda, kwa barafu na kwa kidonda kinachokauka damu, na plazima inahusika na yote mawili. Hapa Uingereza hugandishwa kwenye baridi ya nyuzi 25 chini ya sifuri au zaidi, ikakaa hadi miaka mitatu. Mgonjwa akivuja damu sana, huyeyushwa kwa joto lisilozidi la mwili. Tangu hapo saa inahesabu: protini zinazogandisha damu, hasa ile ya namba nane, huanza kupungua. Kwa kawaida, ikiwekwa kwenye nyuzi nne, hutumika ndani ya saa 24. Kwa majeruhi wa dharura wanaovuja damu nyingi inaruhusiwa hadi saa 120, maana kuwa nayo tayari kunaokoa dakika, na kinachobaki ndani yake kinatosha kazi hiyo. Huo ni uamuzi wa kupima, uleule wa Drew.

Chembe nyekundu nazo hukaa siku 35, kwa hiyo akiba ya Januari haimsaidii mgonjwa wa Aprili. Na hapa linatuhusu sisi. Wagonjwa wa selimundu huongezewa damu mara nyingi, na wengi wao huhitaji aina ndogo iitwayo Ro, inayopatikana kwa zaidi ya nusu ya wachangiaji Weusi na kwa wachache sana kati ya wengine. Hiyo inajulikana kwa kupima chembe, si kwa kutazama ngozi. Ukienda kuchangia huenda wakakwambia usubiri kwanza au upimwe malaria, hasa kama umetoka likizo nyumbani. Usikasirike, subiri, kisha rudi.

Oktoba ijayo mtu akianza tena ile hadithi ya kunyimwa damu, mwacheni amalize kwa heshima, halafu mwambieni ya Avery.