Aliua vifaru 996 Makueni, kisha akawaandalia wasafiri meza

Siku hizi kijana wa mjini akitaka kwenda kula mahali pa maana, huangalia mandhari kabla ya menyu. Anataka maji, miti, ndege, kitambaa cheupe mezani na picha safi ya kuposti.

Makueni ilipata meza ya namna hiyo zamani, kabla wengi wa wazazi wetu hawajazaliwa. Ilikuwa Kiboko, kando ya barabara ya Nairobi kwenda Mombasa, ukishapita Emali na Simba na kabla hujafika Makindu. Hoteli yenyewe iliitwa Hunter's Lodge.

Wengi wakisikia jina hilo hudhani lilimaanisha tu hoteli ya wawindaji. Kumbe Hunter lilikuwa jina la mwenyewe, John Alexander Hunter, ambaye pia alikuwa mwindaji. Historia ya mtu huyu ni chungu na tamu kwa pamoja, hasa kama kwenu ni Ukambani.

Mapenzi yaliyomleta Kenya

Hunter alizaliwa Scotland mwaka 1887, kusini kule karibu na mpaka wa Uingereza. Tangu utotoni hakuwa mtu wa vitabu. Alipenda bunduki, mbwa na kulala nje.

Akiwa kijana alimpenda mwanamke aliyemzidi umri, na nyumbani kukawaka moto. Suluhisho la familia lilikuwa kumtuma mbali kabisa. Mwaka 1908 akajikuta Kenya.

Shamba halikumshika. Alipata kazi ya gadi kwenye treni ya Mombasa kwenda Nairobi, na hapo ndipo maisha yakaanza kumnyookea. Akiwa kwenye behewa alikuwa na bunduki yake. Akiona simba au chui karibu na reli, alipiga, kisha akauza ngozi.

Abiria wa treni za wakati huo walishuka kula vituoni, Voi na Makindu zikiwemo. Kwa hiyo Hunter aliijua Makindu mapema, ikiwa kituo cha maji, kuni na sahani ya chakula katikati ya nyika.

Hoteli ya kuhamahama

Baadaye aliacha treni akawa mwindaji wa kulipwa, wa kuongoza matajiri kutoka Ulaya na Marekani. Miongoni mwa safari zake zilizovuma ni ya kuingia bonde la Ngorongoro na wageni Wamarekani, enzi ambazo simba walikuwa wamejaa kule.

Safari za matajiri hao zilikuwa hoteli ya nyota tano inayohamishwa vichwani mwa watu. Wapagazi walibeba hema, meza, vyombo na mvinyo. Mpishi Mwafrika alioka mkate kwa debe na makaa, na jioni mgeni akakaa kula kana kwamba yuko London.

Mara nyingi waliofuata nyayo za wanyama walikuwa Wakamba, watu waliosifika kwa upinde na mshale wa sumu. Mzungu alipigwa picha na ndovu aliyeanguka. Aliyemtafuta ndovu huyo hakuonekana kwenye picha.

Serikali nayo ilimtumia Hunter. Simba walipowazidi Wamaasai na kuwamalizia ng'ombe, alitumwa yeye, na kwa miezi mitatu tu aliua zaidi ya 80.

Siku 793

Sasa njoo Makueni. Mwishoni mwa miaka ya 1930 ardhi ya Wakamba kule Machakos ilikuwa imebana na imechoka. Mwaka 1938 serikali ya mkoloni iliwanyang'anya mifugo ikidai wamezidi malisho, huku kiwanda cha nyama cha Athi River kikihitaji ng'ombe. Wakamba waliandamana hadi Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu. Aliishia kupelekwa uhamishoni Lamu.

Shida ya ardhi ilibaki. Serikali ikaangalia vichaka vya Makueni, vilivyokuwa na mbung'o na vifaru, ikaamua watu wahamishiwe huko. Kabla ya vichaka kufyekwa, vifaru walikuwa waondoke. Hunter akaitwa.

Alianza tarehe 29 Agosti 1944 na kumaliza tarehe 31 Oktoba 1946. Hesabu yake ilifika vifaru 996. Piga hesabu mwenyewe: ni zaidi ya mmoja kila siku, kwa miaka miwili na ushee. Ili uelewe uzito wake, leo Kenya nzima ina vifaru weusi wapatao elfu moja hivi.

Familia nyingi za Makueni zilipata mashamba kutokana na mpango huo. Kama babu yako alihamia huko baada ya vita akalima mahindi na mbaazi, basi hata muthokoi aliokula baba yako ulitoka kwenye ardhi iliyosafishwa hivyo. Si rahisi kumlaani Hunter ukiwa umeshiba.

Mwenyewe hakulala vizuri. Katika kitabu chake cha mwaka 1952 alijiuliza waziwazi kama ekari hizo zilistahili kulipiwa kwa wanyama wa ajabu kiasi hicho. Aliuliza akiwa ameshamaliza kazi.

Meza kando ya maji

Uzeeni, mwishoni mwa miaka ya 1950, alijenga hoteli Kiboko pamoja na mkewe Hilda. Alichagua mahali penye chemchemi, mibono ya maji yenye ndege wengi na miti mirefu ya migunga yenye magome ya manjano. Barabara ya Mombasa ilikuwa ya changarawe na vumbi. Msafiri aliyefika pale akiwa mwekundu kichwa hadi miguu alipata maji ya kuoga, kivuli na chakula cha moto mbele ya bwawa. Raha hiyo haikuhitaji maelezo.

Lakini tusidanganyane. Kenya ya miaka hiyo ilikuwa na ubaguzi, na hoteli nzuri kwa jumla zilikuwa za Wazungu. Mwafrika aliingia akiwa mpishi, mhudumu au mfuaji wa mashuka.

Na hapo jirani, Makindu, kulikuwa na meza nyingine tofauti kabisa. Masingasinga waliofanya kazi kwenye reli walijenga hekalu lao mwaka 1926, na hadi leo msafiri yeyote huingia akala bure. Unavua viatu, unafunika kichwa, unapewa chapati, dengu na chai. Hakuna anayekuuliza dini, kabila wala kiasi ulicho nacho mfukoni.

Hunter alifariki mwaka 1963, mwaka ambao Kenya ilipata uhuru. Hakuona Wakamba wakiketi kama wageni kwenye hoteli za hadhi na kuagiza wanachotaka, jambo ambalo kwako leo ni la kawaida kabisa.

Ukifika Kiboko au Makindu, inua macho kuelekea vilima vya Chyulu. Huko wamebaki vifaru wa kuhesabika, wakilindwa na askari usiku na mchana. Wengine wako Ngulia ndani ya Tsavo West, nyuma ya ua. Bili ya meza ile ya kando ya maji bado inalipwa, na walinzi hao ni miongoni mwa wanaoilipa.