Mzee wa Mji-Bustani

Ukipanda treni London kwenda kaskazini, unaweza kupita kituo cha Welwyn Garden City. Welwyn ni kijiji jirani, na asili ya jina lake ni mierebi. Garden City ni Mji-Bustani, na jina hilo lina mwenyewe.

Ebenezer Howard alizaliwa London mwaka 1850. Alijaribu kilimo Marekani, akashindwa. Akarudi, akawa karani wa hati mkato Bungeni, akiandika maneno ya wengine. Mwaka 1898 akatoa kitabu chake: mtu asilazimike kuchagua moshi wa mjini au upweke wa shamba. Ujengwe mji wenye kazi na bustani, uzungukwe na mashamba, na kodi ya ardhi iwafae wakazi wenyewe.

Letchworth ulianza 1903, Welwyn Garden City 1920. Huko alifariki 1928.

Je, jina la mtaa wako lina maana gani?