Marehemu Nanji Kalidas Mehta (1887–1969)

Marehemu Nanji Kalidas Mehta alizaliwa mwaka 1887 karibu na Porbandar, Gujarati. Akiwa bado mtoto alivuka Bahari ya Hindi kuja Afrika ya Mashariki. Alianza kwa duka, kisha akaingia katika biashara ya pamba nchini Uganda.

Duka huweza kufungwa na kuhamishwa, shamba halihamishiki. Hata hivyo alichagua ardhi. Huko Lugazi, kati ya Kampala na Jinja, alipanda miwa, na mwaka 1924 akafungua kiwanda cha kwanza cha sukari nchini humo. Muwa uliokatwa sharti ukamuliwe upesi, kabla utamu haujapungua. Ndiyo sababu kiwanda kilijengwa shambani. Wanawe nao waliingia katika kazi hiyo.

Mali hakuila peke yake. Kwao Porbandar alijenga shule ya wasichana, pamoja na Kirti Mandir, kando ya nyumba alimozaliwa Mahatma Gandhi.

Alifariki mwaka 1969. Miaka mitatu baadaye Idi Amin aliwafukuza Waasia, na jamaa zake wakapoteza mali zao nchini Uganda. Utawala ule ulipoanguka walirudi Lugazi, wakakifufua kiwanda. Miwa ya mzee ingali ikivunwa.